Nafaka Isiyo na Mwenyewe

Mashtaka ninayoyaleta katika kurasa hizi ni mawili. Shtaka la kwanza lawahusu wataalamu wa mimea, nalo ni kwamba katika kumbukumbu zao wameiandika nchi yetu kana kwamba haikuwa na watu. Shtaka la pili lawahusu wasomi wa Kiswahili, nalo ni zito kuliko la kwanza: kwamba lugha yao ilikuwa na maneno ya kuzisahihisha kumbukumbu hizo, na wao wakaona kuwa kazi hiyo si yao. Nitayathibitisha yote mawili kwa ushahidi wa nyasi, na ushahidi wangu wa kwanza nitautwaa mbali, katika nafaka ambayo hailiwi Ilula.

Kwanza yapasa kueleza hebaria ni nini. Ni nyumba ya mimea mikavu. Mmea hukatwa au hung'olewa, hubanwa baina ya karatasi hata ukauke, kisha hushikizwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni hubandikwa kibandiko chenye jina la mmea, mahali ulipotwaliwa, tarehe, na jina la mtu aliyeutwaa. Mmea uliotunzwa hivyo huweza kudumu karne mbili na zaidi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari; na hebaria ni daftari la mali ya nchi. Lakini liko daftari baya kuliko kukosa daftari, nalo ni lile lenye nusu ya habari. Mwenye nyumba akilisoma huamini kuwa hesabu imetimia, kumbe fungu moja la mali halikuhesabiwa.

Nusu inayokosekana ni hii: mmea ule ulikuwaje pale ulipoonekana? Ulipandwa? Ulijiotea? Uliachwa na watu waliohama? Au ulikuwa pale kabla ya mtu? Vibandiko vingi vya zamani hujibu kwa neno moja tu, kwamba mmea ulikuwa porini au ulikuwa shambani. Baina ya maneno hayo mawili imezama historia nzima ya kilimo.

Tazama habari za rai. Simaanishi rai ya mtu mwenye shauri, bali nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano na shayiri, ambayo unga wake hufanya mkate mweusi wa Urusi, Polandi na Ujerumani. Wataalamu huiita Secale cereale. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nafaka hii ilitwaliwa porini na kupandwa kwa makusudi, kama ngano. Mwaka 1916 Mrusi mmoja, Nikolai Vavilov, alisafiri Uajemi, na mwaka 1917 alitoa hoja iliyopindua dhana hiyo. Alisema rai haikualikwa shambani, ilijiingiza. Ilianza kuwa gugu katika ngano, ikavunwa pamoja na ngano, ikapurwa pamoja na ngano, na mbegu zake zikapandwa tena pamoja na ngano bila ya mkulima kutaka. Watu walipoipeleka ngano kwenye milima mirefu na nchi za kaskazini zenye baridi kali na udongo dhaifu, ngano ilishindwa na gugu likastahimili. Hapo mkulima akasalimu amri, akalifanya gugu kuwa chakula.

Ushahidi wa Vavilov ulikuwa wa namna mbili. Mmoja ulikuwa wa masuke. Rai ya mwitu huvunja suke lake na kumwaga punje chini. Rai ya shambani hushika punje zake hata ipurwe. Na katika mashamba ya ngano ya Asia alikuta namna zilizo katikati. Ushahidi wa pili ulikuwa wa lugha, na hapa nawaomba wanafunzi wa Kiswahili wainue vichwa. Katika nchi za Kiajemi wakulima waliiita rai gandum-dar, maana yake kitu kinachoisumbua ngano. Jina hilo lilihifadhi asili ya zao kwa uaminifu kuliko vitabu. Mkulima asiyejua kusoma alikuwa amekwisha kuandika historia ya rai katika neno moja, na bingwa wa mimea alikuwa na hekima ya kumsikiliza. Lau Vavilov angaliandika jina la Kilatini na jina la mji tu, nusu ya hoja yake ingalibaki njiani Uajemi.

Gugu hilo lililoisumbua ngano baadaye likawa ngao yake. Katika karne ya 20 wataalamu walihamisha kipande cha urithi wa rai na kukitia katika ngano, na ngano ikapata kinga ya ugonjwa wa kutu ya shina. Kinga hiyo, iitwayo Sr31, ilienea katika mashamba ya dunia kwa miongo kadhaa, hata ilipovunjwa na kutu mpya iliyogunduliwa nchini Uganda mwaka 1998, na ambayo dunia imeizoea kwa jina la Ug99. Basi rai si mgeni wa mbali kama tulivyodhani. Imekwisha kuingia katika ngano, na vita vyake vya kwanza kushindwa vilipiganwa katika Afrika yetu ya Mashariki. Ni nani awezaye kusema tena kwamba nafaka iotayo nje ya shamba ni jambo la upuuzi?

Sasa tutazame jinsi kumbukumbu za rai iliyoota nje ya shamba zinavyopotosha zikiandikwa nusunusu. Suke moja la rai lililobandikwa katika hebaria, lenye neno la kusema kwamba halikuwa shambani, laweza kuwa na maana nne. Laweza kuwa limetoka katika punje iliyodondoka kando ya reli au bandarini, likaota msimu mmoja likafa. Laweza kuwa limeota katika shamba lililovunwa mwaka uliopita. Laweza kuwa la kizazi cha rai iliyoasi kilimo ikajitegemea, kama ile ya magharibi ya Marekani, ambayo imekuwa adui wa wakulima wa ngano, na ambayo huzidi kumwaga punje zake kabla ya mavuno. Au laweza kuwa la rai ya mwitu hasa, ambayo haikupata kupandwa na mtu. Mambo manne, karatasi moja, neno moja. Miaka mia ikipita, anayesoma hana mtu wa kumwuliza.

Afrika nayo ina rai yake ya mwitu, iko kusini kabisa, katika milima ya Roggeveld, Afrika ya Kusini. Walowezi wa Kiholanzi waliona nyasi inayofanana na rai ya kwao, wakapaita mahali hapo Roggeveld, yaani konde la rai. Hapakuwa na konde wala mlimaji wa rai. Palikuwa na nyasi ya mwitu tu. Tangu hapo mifugo imeila nyasi ile hata imekuwa adimu sana, na leo jina la mahali laonekana katika ramani kwa urahisi kuliko mmea wenyewe juu ya ardhi. Huko walowezi waliona mwitu wakauita shamba. Kwetu walifanya kinyume: waliona kazi ya mikono ya watu wakaiita mwitu.

Na hapo ndipo ninapofika Ilula. Ilula ni mji mdogo katika Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro, ukishapanda mlima wa Kitonga. Msafiri aujua kwa nyanya na vitunguu vinavyopangwa njiani. Rai si zao la Ilula. Lakini liko zao jingine la jamaa ya nyasi, lenye kesi ile ile ya rai, nalo ni mlanzi. Mlanzi ni mwanzi wa kugemwa. Masika yafikapo, ncha ya chipukizi hukatwa, maji yake hutiririka katika mbeta, na mgema hulirudia jeraha asubuhi na jioni. Maji hayo yakiwa mapya ni matamu hata mtoto huyapenda. Yakikaa huwa mkangafu unaomlaza mtu mzima. Ndiyo ulanzi, kinywaji cha misiba na arusi, cha kazi za kijiji na cha ada ya karo za watoto.

Wataalamu waliupa mwanzi huu jina la Oxytenanthera braunii, kutokana na jina la Braun. Na Karl Braun alikuwa mtaalamu wa mimea katika kituo cha Wajerumani cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902. Wengi wa siku hizi huuhesabu kuwa mmoja na Oxytenanthera abyssinica, mwanzi ulioenea katika nyika za Afrika, wenye jina la Uhabeshi. Katika majina hayo mawili yumo Mjerumani mmoja na nchi moja ya mbali. Hayumo mgema. Sigombi na utaratibu wa kutoa majina ya Kilatini, maana una sheria zake na faida zake. Nagomba na jambo linalofuata: mwanzi huu, ukiunganishwa na ndugu yake wa nyika, huelekea kuandikwa kuwa ni mmea wa mwitu popote uonekanapo nje ya ua wa mtu.

Je, ni wa mwitu? Mwanzi huu hutoa maua mara chache sana, na mkulima hangoji mbegu yake; hupanda kipande cha shina la chini ya ardhi. Mlanzi unaogemwa husafiri kwa mkono wa mtu. Basi ukikuta shina la milanzi katikati ya kichaka cha Kilolo, pasipo nyumba wala moshi, mtu wa hebaria ataandika kwamba lilikuwa porini. Mzee wa mahali pale atatazama mara moja na kusema: haya ni mahame, hapa palikuwa na mji wa watu. Wa kwanza ana darubini, wa pili ana kumbukumbu. Na katika jambo hili wa pili ndiye mtaalamu.

Tusilipite upesi neno hilo mahame. Ni neno la Kiswahili safi, maana yake mahali palipohamwa. Kiswahili kina jingine, maotea, ambalo wakulima hulitumia kwa zao linalojiotea lenyewe kutokana na mbegu zilizobaki shambani. Kina gugu na kwekwe kwa mmea unaoingia pasipotakiwa. Kina neno la mwitu kwa mmea usiopata kumjua mkulima. Maana zile nne za suke la rai, ambazo kibandiko cha mgeni kilizichanganya, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuzitenga. Na lugha ya Kiingereza, ambayo wengi huitumikia kwa unyenyekevu katika vibandiko, huuita mmea uliotoka shambani kuwa umetoroka, kana kwamba ni mfungwa au mtumwa. Mlanzi wa mahame haukutoroka. Uliachwa. Waliokwenda zao ni watu, na mara nyingi hawakwenda kwa hiari.

Hapa ndipo penye uzito wa shauri langu. Mwaka 1891, tarehe 17 Agosti, jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski lilishindwa na Wahehe pale Lugalo, jirani na Ilula. Vita vilivyofuata viliendelea hata Mtwa Mkwawa alipokufa mwaka 1898, na katika miaka ile watu wa Uhehe walichomewa vijiji na kuhamishwa. Mwaka 1899, mwaka mmoja tu baada ya kifo hicho, Walter Goetze alipita katika nchi ya Uhehe akikusanya mimea kwa ajili ya Berlin. Alikusanya katika nchi iliyotoka vitani jana. Mashamba aliyoyaona yamefunikwa na nyasi hayakuwa lazima mwitu. Mengi yaweza kuwa mahame mabichi. Tena Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba watu wote wawe wamehamia katika vijiji kufikia mwisho wa mwaka 1976, na Mkoa wa Iringa haukuachwa. Miji ya zamani ikabaki na miembe yake na milanzi yake. Mtu akipita leo na kuandika neno porini juu ya mimea hiyo, huwahamisha watu wale mara ya pili: kwanza walitolewa katika ardhi, sasa hutolewa katika kumbukumbu.

Kuna watakaosema natia chumvi, kwamba hakuna hakimu asomaye hebaria. Ni kweli, hakimu hasomi hebaria. Lakini vibandiko huzaa orodha za mimea, orodha huzaa taarifa za uoto, na taarifa za uoto husomwa na wachora mipaka ya hifadhi na wapimaji wa fidia. Mmea uliopandwa una mwenyewe anayedai. Mmea wa mwitu hauna. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila katika ardhi. Lakini haki ya kimila hutaka ushahidi, na mmea wa mahame ni shahidi. Kwa nini basi tumtie shahidi dawa ya kumfanya bubu?

Sasa nawageukia wasomi wa lugha. Mwaka 1937 P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, na ikachapwa tena mwaka 1940. Mwaka 1949 yeye na J. P. M. Brenan wakatoa orodha ya miti na vichaka vya Tanganyika pamoja na majina ya wenyeji. Mgala muue na haki yake mpe: watu hawa, ambao hawakuwa wasomi wa fasihi yetu, walifanya kazi ambayo idara za Kiswahili hazikuiendeleza kwa kadiri ilivyostahili. Na kazi ya mwaka 1949 ilikuwa ya miti na vichaka, nyasi hazikuwamo. Baadaye kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki kilianza kutolewa mwaka 1952 kikamalizika mwaka 2012, chenye aina zaidi ya 12,000. Nyasi zilitolewa katika sehemu tatu, mwaka 1970, 1974 na 1982. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na haikuwa kazi yake kutuelezea lugha yetu. Hiyo ilikuwa kazi ya nani?

Nimesikia hoja tatu za kujitetea, nazo hazisimami. Hoja ya kwanza husema kwamba Kilatini chatosha kwa kuwa chaeleweka duniani kote. Kilatini chatosha kusema mmea ni upi. Hakitoshi kusema ulifikaje pale. Nacho hakikatazi jina la pili kuandikwa chini yake. Hoja ya pili husema kwamba majina ya wenyeji hayaaminiki, kwa kuwa hubadilika kutoka kijiji hata kijiji. Hubadilika, ndiyo, na katika kubadilika kwake mna habari. Jina likibadilika mahali mmea usipobadilika, hutuonyesha mpaka wa watu; mmea ukisafiri pamoja na jina lake, hutuonyesha njia ya watu. Gandum-dar nalo lilikuwa jina la wenyeji. Hoja ya tatu husema kwamba msomi wa lugha akiingia hebaria ameiacha fasihi. Fasihi gani hiyo isiyotaka kujua mgema anagema nini? Tunawafundisha vijana methali ya mgema na tembo lake, tunaichambua kwa istilahi kumi, na mwanafunzi hutoka darasani hajui kwamba mgema wa Ilula hapandi mnazi.

Tena mkataa daftari na akumbuke moto. Usiku mmoja wa Machi 1943, mabomu ya vita yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, ikiwamo mimea mingi iliyotwaliwa katika nchi yetu zama za Wajerumani. Mwaka huo huo, Januari 1943, Vavilov mwenyewe alikufa gerezani Saratov kwa njaa, mtu aliyekusanya mbegu za chakula za dunia nzima. Katika miezi mitatu ya mwaka mmoja, dunia ilipoteza nyumba ya daftari na mwandishi wa daftari. Kilichosalia cha mimea ya Goetze ni zile nakala zilizokuwa zimepelekwa katika nyumba nyingine. Habari isiyoandikwa katika nakala haikusalia popote. Na wazee ambao wangeweza kusahihisha hawapo tena. Wazee wa mahame ya 1974 bado wapo, ila si wote, wala si kwa muda mrefu.

Basi nadai mambo matatu. La kwanza, hebaria zetu, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya taifa iliyoko Arusha, ziweke katika kila kibandiko cha mmea unaotumiwa na watu nafasi ya neno moja la Kiswahili: umepandwa, maotea, mahame, gugu, au mwitu. Karatasi haitaongezeka, na kazi ni ya dakika moja. La pili, liandikwe jina alilolitoa mwenyeji, lugha yake, na kwa ridhaa yake jina lake mwenyewe, kwa kuwa aliyeutambua mmea ni mkusanyaji sawa na aliyeubana. La tatu, idara za Kiswahili zipeleke wanafunzi kila mwaka pamoja na wanafunzi wa mimea, wasome vibandiko vya zamani, wavitafsiri, na kuvirudisha mahali vilipotoka, ili mwalimu wa shule ya Ilula aweze kuwaonyesha watoto nyasi ya babu zao na kuwauliza: hii ilipandwa na nani? Siku hizi picha za karatasi nyingi huonekana kwa mtandao. Hakuna awezaye kujitetea kwa umbali.

Tarehe 9 Julai 1954 fuvu la Mtwa Mkwawa lilikabidhiwa Kalenga, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya kukaa ugenini. Wahehe walilipokea kwa heshima, na hakuna aliyesema kwamba ni mfupa tu. Karatasi za nyasi zilizotwaliwa katika nchi hiyo hiyo, katika miaka hiyo hiyo, bado ziko ugenini, na nyingine zimekuwa majivu. Sidai zirudishwe zote kwa meli. Nadai zisomwe kwa lugha ya nchi zilikotoka, na ziulizwe swali ambalo hazikuulizwa siku zilipokatwa. Nafaka iotayo peke yake katika kichaka ina mwenyewe. Kinachotakiwa ni mtu wa kwenda kumwuliza angali hai.